Meno Matatu ya Kitana

Watoto wachanga ndio waliomwambia Nesi, kabla ya mtu mzima yeyote. Alikuwa hajamshika sawasawa yule wa kwanza, pale kwenye kibaraza cha shule ya mlimani, mtoto akakunja pua, akageuza shingo na kupiga chafya tatu mfululizo. Mama yake akamvuta kifuani.

"Nesi, leo umeoga petroli?"

Foleni nzima ya kina mama ikacheka. Nesi naye akacheka, afanyeje, akamchoma mtoto chanjo yake na kuandika kwenye kadi. Lakini suruali yake ya kazi ilikuwa imelowa upande wa kushoto kuanzia goti mpaka soksi. Alipogeuka kutazama nje, aliiona pikipiki imesimama palepale alipoiacha, na chini yake doa limekwishafika upana wa sinia. Alikuwa amesahau kufunga koki ya mafuta. Zamani hakuwa na haja ya kuifunga.

Mama wa pili alipofika mbele alimtoa mwanawe kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayepokeza sufuria la moto. Hilo lilimuuma Nesi kuliko kile kicheko. Miaka sita amepanda mlima huo, hakuna mama aliyewahi kumpa mtoto namna hiyo.

Pikipiki ilikuwa ya zahanati, ndefu, ya matairi yenye vinundu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe na vumbi. Injini yake ilikuwa ile ya tu-stroki inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili, na ikiwaka hutoa sauti ya nyuki waliokasirishwa na moshi wa bluu nyuma. Nesi alikuwa mfupi. Kila alipotaka kuipanda ilimbidi atafute jiwe, na kila kijiji cha mlimani kilikuwa na jiwe lake, watu wanalijua, hakuna anayelihamisha. Waliitunza pikipiki ile watu wawili tu: yeye aliyeipanda, na mumewe aliyeitengeneza. Mume huyo mji mzima ulimwita Fundi, na Nesi alimwita hivyo hivyo hata nyumbani. Wakigombana alimwita "Fundi wewe."

Wakati wa kurudi petroli ilimwishia kabla hajafika sokoni. Akashuka, akaisukuma, sanduku la chanjo mgongoni, jasho likimtoka. Mwuza mitumba mmoja akampigia kelele kutoka kwenye meza yake:

"Nesi! Leo umeamua kuipeleka matembezi?"

"Inapunga upepo kidogo," akajibu Nesi, na akajikaza kisabuni mpaka alipokata kona.

*

Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba, maana karakana yake ilikuwa hapohapo, kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa sebule yao. Hakusalimia. Aliinama chini ya pikipiki, akagusa kile kimrija cha plastiki kinachoning'inia chini ya kabureta, akanusa kidole.

"Tena," akasema.

"Tena," akasema Nesi.

"Nimebadilisha nido, ile sindano ya kuziba mafuta. Nimebadilisha boya, la zamani nililitikisa sikioni nikafikiri limeingia mafuta, halikuwa na kitu. Gasketi mpya. Nimesafisha pale nido inapokalia mpaka panang'aa. Mke wangu, nimefanya kila kitu kinachofanywa."

"Najua."

"Na si hii tu. Yule wa magunia ya mkaa amerudi leo, inavuja. Mwalimu karudi juzi, inavuja. Nikawarudishia hela zao."

Mama yake Fundi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Mama mkwe huyu aliishi nao tangu alipofiwa, na hakuwa mtu wa kuficha aliloliona.

"Ni macho," akasema. "Baba yako alianza hivihivi. Alianza kwa kuweka sukari kwenye mboga."

"Mama, macho yangu mazima."

Mama akainua pakiti ya chumvi iliyokuwa kando yake. "Soma hapa."

Fundi akaisogeza mbali, akairudisha, akasoma maandishi yote makubwa bila kukwama.

"Umesoma au umekariri? Chumvi hiyo unaila tangu umeota meno. Soma hayo madogo ya chini."

Fundi akaiweka pakiti chini polepole, akaingia karakana. Nesi alimwona amekaa kwenye kreti bila kushika chombo chochote, mikono yake ameiweka kwenye magoti, anaitazama kiganja na nyuma, kiganja na nyuma. Nesi alitamani kwenda kumshika mabega. Badala yake akaenda kubadilisha suruali, kwa sababu ile harufu ilikuwa ndiyo kesi yenyewe.

*

Hapa inabidi tuseme jambo la pasi.

Nesi alipiga pasi kila kitu. Mashuka, foronya, taulo, mpaka matambara ya kufutia oili. Ovaroli ya mumewe ilikuwa na mstari wa pasi mbele ya kila mguu, na mafundi wengine walimcheka kwamba anatengeneza pikipiki kama anayekwenda kuposa. Yeye alitulia tu. Alikuwa ameoa muuguzi, na muuguzi kwa Nesi maana yake ni moto na maji ya kuchemka.

Wiki tatu nyuma, siku ya kufua, Nesi alipitisha pasi kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli ile na akasikia harufu ya plastiki. Alipofungua mfuko roho ilimruka. Ndani palikuwa na kile kipande cha kitana, meno matatu na sehemu ya mgongo wake, cha rangi ya asali, sasa kimeyeyuka na kujikunja kama ganda la ndizi.

Kipande kile kilikuwa na historia, na Nesi ndiye aliyekuwa akiisimulia. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa aliamka akakuta kitana chake kimevunjwa pembeni, akawaka, akamkuta mumewe amekishika kile kipande. Fundi akasema, huku amejiinamia, "Nilitaka nibaki na kitu chako mfukoni nikiwa kazini." Hasira ikaisha palepale. Tangu siku hiyo kipande hakikutoka kwenye mfuko wa kifua, miaka ishirini na moja, ovaroli zikibadilika na kipande kikihama. Wauguzi wenzake waliposimuliana maua na kadi, Nesi alisema, "Wangu anatembea na meno ya kitana changu," na akawashinda wote.

Sasa amekichoma. Hakuwa na ujasiri wa kusema. Kitana chenyewe cha zamani alikuwa nacho bado, akichania kila asubuhi, lakini kilibakiwa na meno machache na Fundi angeona pengo limeongezeka. Akachukua kitana cha binti yao, cha rangi ileile kasoro kidogo, akakata meno matatu kwa kisu. Akayapitisha kwenye msasa, akayachovya kwenye oili chafu, akayafuta, yakazeeka miaka ishirini kwa dakika kumi. Akayatia mfukoni. Binti alipopiga kelele kuuliza nani kakata kitana chake, Nesi alisema labda ni panya.

"Panya ana kisu?" akauliza binti.

"Panya wa siku hizi huwajui," akasema Nesi, na mambo yakaishia hapo.

*

Asubuhi baada ya siku ile ya kusukuma pikipiki, Daktari, mkuu wa zahanati, alimwita ofisini na kufunga mlango. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Nesi.

"Jana umesukuma pikipiki na chanjo mgongoni, kwenye jua."

"Barafu haikuyeyuka, Daktari."

"Safari hii. Na ile petroli inadondokea wapi? Injini ya moto ile, na wewe umeikalia. Nesi, mumeo namheshimu, hata feni hii hapa juu aliitengeneza yeye. Lakini kesho pikipiki inakwenda kwa Chapchap, na itaendelea kwenda huko."

Chapchap alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye ubao uliochorwa rangi tatu. Jina alipewa na wateja, baadhi kwa sifa na baadhi kwa uchungu.

"Nipe leo," akasema Nesi. "Leo tu. Nitakaa naye mpaka imalizike."

"Leo tu," akasema Daktari.

Aliisukuma mpaka nyumbani. Alipoinua macho karakana, nani yumo ndani? Chapchap mwenyewe, ameinama kwenye jiliwa la Fundi, lile jiliwa kubwa la chuma lililofungwa mezani, anazungusha mpini wake kuona kama linabana.

"Shikamoo, dada," akasema Chapchap, akajinyoosha haraka.

"Marahaba. Fundi, huyu anatafuta nini humu?"

"Anaangalia jiliwa."

"Jiliwa lina nini cha kuangaliwa?"

Fundi alikuwa akijifuta mikono, na mikono yake haikuwa na uchafu wowote. "Nimemwambia achukue. Jiliwa, pampu ya upepo, na spana zote. Kule kwenye mashine ya kusaga wanatafuta mlinzi wa geti. Nimeshaongea nao."

Nesi hakuwa ameambiwa. Amelala na mtu huyu kitanda kimoja, amempa chai asubuhi, na Chapchap ndiye anayejua.

"Fundi wewe!" akasema. "Geti?"

"Nisikilize, mke wangu." Fundi aliongea chini, lakini kibanda cha mabati hakina siri, na Chapchap akajitia anasoma maandishi ya pampu. "Mkaa karudi. Mwalimu karudi. Wa tatu hakurudi, ameenda moja kwa moja kwa huyu. Hayo ningeyameza. Lakini jana nimeona suruali yako. Petroli mguu mzima, na bomba la moshi liko hapa, shubiri moja. Siku moja cheche itaruka. Sitaki kuwa fundi aliyemuunguza mke wake."

Fundi alikohoa, akatazama paa.

Nesi akaweka sanduku la chanjo chini. "Daktari amekupa leo. Tengeneza hii ya mwisho, mimi nimekaa hapa naangalia. Baada ya hapo ukauze hata paa."

"Huwa hukai karakana. Unasema panakuchafua."

"Leo nitachafuka."

*

Alikaa juu ya kreti. Ni ajabu, lakini kweli: miaka ishirini na moja alikuwa hajawahi kumtazama mumewe akifanya kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa akipita, akiacha chai, akiondoka. Sasa aliona vidole vile vinene vikifunga koki, vikichomoa mpira, vikilegeza kabureta na kuitoa kama mkunga anavyomtoa mtoto, bila kuvuta. Havikutetemeka hata kidogo. Kama mikono hii imechoka, Nesi aliwaza, basi nami sijui mkono uliochoka.

Fundi akafungua skrubu nne ndogo, akaondoa bakuli la chini. Boya likaonekana, jeusi, dogo kuliko yai.

"Hili linaelea kwenye mafuta," akamweleza, kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri hata siku ya msiba wake. "Mafuta yakipanda, linapanda nalo, linaisukuma nido, nido inaziba njia. Kama choo cha kuvuta kinavyojifunga maji."

"Na yakivuja?"

"Maana yake njia haizibwi, au inazibwa kwa kuchelewa. Ngoja nipime tena."

Akaigeuza kabureta juu chini, boya likalala. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa kifua, akatoa kile kipande cha kitana, akakisimamisha kando ya boya na kufumba jicho moja.

Nesi akainuka kwenye kreti.

"Fundi. Hicho ni nini?"

"Kipimo."

"Kipimo cha nini?"

"Cha boya. Ncha ya jino na mgongo wa boya lazima viwe sawa. Unaona? Vipo sawa. Wiki tatu nzima napima, vipo sawa, na bado zinavuja. Ndiyo maana nasema macho."

"Jino likiwa fupi je?"

"Basi nitaliweka boya chini mno, litachelewa kufunga, mafuta yatafurika na kutoka kwenye kile kimrija."

"Fupi kiasi gani?"

"Unene wa ukucha unatosha. Lakini hiki hakijawahi kunidanganya. Jino halikui wala halipungui."

Chapchap alikuwa amesimama palepale na kamba ya kufungia pampu mkononi. Nesi alimtazama. Angeweza kungoja aondoke. Angeweza kumwita mumewe pembeni, ndani, chumbani, na aibu ikabaki ya watu wawili. Lakini tayari Chapchap alikuwa amepinda mgongo kuinyanyua pampu, na uso wa Fundi ulikuwa umegeukia ukutani ili asione.

"Iache hiyo pampu chini," akasema Nesi. "Fundi, hicho si kitana changu."

"Nini?"

"Chako nilikichoma na pasi. Hicho nimekikata kwenye kitana cha binti yako. Nikakipiga msasa, nikakitia oili, nikakurudishia. Nilifikiri ni kumbukumbu! Nilifikiri unakibeba tu! Ningejuaje kwamba kuna pikipiki za watu zinakitegemea?"

Nesi akakimbilia ndani na kurudi na kitana chake cha zamani. Fundi akakipokea, akalisimamisha jino la zamani kando ya meno mapya matatu, kwenye mwanga wa mlango. Lilizidi. Si sana, unene wa ukucha, lakini hata Chapchap aliona kutoka alipokuwa.

Fundi aliketi chini, juu ya sakafu yenye oili, na mstari wake wa pasi. Mabega yakaanza kutikisika. Nesi alifikiri analia, na ni kweli machozi yalikuwepo, lakini alipoinua uso alikuwa akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

"Panya," akasema akitafuta pumzi. "Binti alinishtakia panya mwenye kisu! Nikanunua na mtego!"

"Kwa hiyo kaka," akasema Chapchap, ambaye alikuwa anajizuia kwa nguvu zote, "wateja wote wale nilionyang'anywa miaka hii, walinyang'anywa na kitana?"

"Na mikono," akasema Nesi, mkali. "Kitana na mikono."

Fundi akajiinua. Alipinda kile kilimi kidogo cha boya kinachosukuma nido kwa ncha ya bisibisi, akapima kwa jino la zamani, akapinda tena kidogo kabisa, akapima. Akafunga bakuli, akarudisha kabureta mahali pake, akatandika gazeti chini ya pikipiki na kufungua koki. Wakakaa watatu kulitazama gazeti kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Robo saa. Nusu saa. Mama yake Fundi akatoka kuuliza kuna nini, wakamwambia atazame gazeti. Akainama, akapapasa.

"Kavu," akasema. "Na mimi ndiye mwenye macho mabaya."

"Na jiliwa je?" akauliza Chapchap.

"Jiliwa halina shida," akasema Fundi. "Kaa unywe chai."

*

Jioni, kabla jua halijazama, wateja wawili walikuwa wameshaitwa na pikipiki zao zimekauka. Habari nayo ilikuwa imeshazunguka soko zima, kwa msaada wa Chapchap. Mwuza mitumba aliapa kwamba kesho atamletea Fundi vitana dazeni nzima, kila pikipiki na chake.

Fundi alikuwa kwenye jiliwa lake. Alikuwa amebana kipande cha shaba na anakisugua kwa tupa, akikilinganisha na jino la zamani, akisugua tena. Nesi alisimama mlangoni na ovaroli mkononi.

"Kumbe kilikuwa cha kupimia," akasema. Alikuwa ameibeba kauli hiyo mchana kutwa. "Siku ile ya kwanza. Ulivunja kitana changu kwa sababu ulikuwa huna kipimo."

Fundi hakuacha kusugua. "Nilikuwa nimekipoteza cha chuoni. Nikaona jino limelingana. Halafu ukaamka umewaka moto, nikatafuta la kusema."

"Ukanidanganya. Na mimi nimetangaza mpaka wodini."

"Siku ile nilikudanganya," akasema Fundi. Akaipuliza shaba, chembe zikaruka. "Kesho yake nilipokiingiza mfukoni ikawa kweli. Ikaendelea kuwa kweli. Kipimo cha shaba ningeweza kukichonga mwaka uleule, mke wangu, ni kazi ya saa moja, si unaona?"

Alikitoa kile kipande kwenye jiliwa, kinang'aa, akakining'iniza kwa waya kwenye msumari ukutani. Kisha akamrudishia kitana chake, kizima kama alivyokipokea.

Nesi alikitazama kidogo. Akakishika kwa mikono miwili, akavunja pembeni, meno matatu. Akayatia kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli, akaketi kwenye kreti, akatoa sindano na uzi kwenye ukosi wa gauni lake na kuanza kuushona mfuko.

"Unaushona pande zote?" akauliza Fundi. "Sasa nikitaka kukitoa?"

"Ukitoe kwa nini?" akasema Nesi, akikata uzi kwa meno. "Hicho si cha kupimia."